Vidonge vya Kikojozi

Mama yangu, Tereza, alinyamaza mwaka 1974, baada ya sisi kuhamishiwa kijiji kipya karibu na Ushirombo. Hakunyamaza kwa siku moja. Kwanza aliacha kuimba akitwanga. Kisha akaacha kuitikia salamu za majirani. Mwezi wa kumi, watu wakiwa mashambani wanatayarisha matuta ya tumbaku, akalala kwa ubavu wa kushoto, uso ukutani. Tangu hapo, aliyetaka kumwona mama yangu usoni ilimbidi azunguke kitanda na kujipenyeza kwenye nafasi ile nyembamba kati ya kitanda na ukuta. Wengi hawakujisumbua.

Hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kama wanaume wa besi walichelewa kuingia aliwageukia na kuwakazia macho. Alikuwa na kichwa cha tarehe. Nani alibatizwa lini, nani aliolewa mvua za mwaka gani, ng'ombe wa nani alikufa kabla ya Pasaka. Ugomvi wa mipaka ya mashamba uliishia kwake kwa sababu alikumbuka nani alilima wapi.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Anisia alikuwa na kumi na minne, yuko shule ya bweni. Katikati yetu walikuwapo Selestine na Eustace, ambao walikufa wadogo, na makaburi yao yalibaki kule tulikotoka. Baba, Dominiko, aliyewahi kufanya kazi mgodini Geita mpaka mgodi ulipofungwa, alikuwa sasa analima tumbaku na kuuza chumvi kwa baiskeli hadi Katoro. Shangazi zangu walisema jambo liko wazi: watoto walioachwa peke yao porini wanamwita mama yao.

Basi akatafutiwa mganga. Akachanjwa chale kifuani na mgongoni, mbuzi mweusi akachinjwa. Kalisti, katekista wetu, alikuja Ijumaa tano mfululizo na maji ya baraka. Mama hakupinga chochote. Ukimlisha anameza. Ukimwinua anakwenda hadi chooni na kurudi, miguu ikiburuta. Ukimwacha, anageukia ukuta. Mwaka wa tatu watu waliacha kusema naye, wakaanza kusema juu yake, hapo hapo kitandani, kama mtu anavyozungumza mbele ya gunia la michembe ya viazi vikavu.

Miaka tisa ilipita hivyo.

Mwaka 1983 Anisia alikuwa Dar es Salaam, anasomea kazi ya dawa. Alinisimulia baadaye yaliyomkuta darasani. Mwalimu alikuwa anafundisha juu ya sonona, ugonjwa wa kuzama moyo mpaka mtu anashindwa kuinuka. Alitaja dalili zake na wanafunzi wakaandika. Hasemi. Hali mpaka alishwe. Haogi. Anatembea kama amebeba mzigo. Halii hata akifiwa. Anisia aliandika mpaka mkono ukagoma. Akaunyoosha juu.

"Mwalimu, mtu anaweza kukaa hivyo miaka tisa?"

"Asipotibiwa, anaweza."

"Akitibiwa?"

"Wengi huamka."

Anisia alitoka nje ya darasa bila kuomba ruhusa.

Likizo ilipofika alipanda treni hadi Isaka, akapata lori la pamba hadi Kahama, na lingine hadi njia panda ya kwetu. Aliingia uani saa tisa mchana, mimi napasua kuni, Baba anafunga mizigo ya chumvi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akazunguka kitanda, akapiga magoti pale kwenye nafasi ya ukutani.

"Mama, unaumwa," akasema. "Ugonjwa wako una jina. Na dawa ipo."

Mama alimtazama kama unavyotazama dirisha. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Ugonjwa gani wa miaka tisa usio na homa?" akauliza.

"Baba, shikamoo," akasema Anisia, ndipo akaanza kulia.

Tulimpeleka Kahama juu ya lori, mama kaegemezwa kwenye marobota, Anisia kamshika huku, mimi kule. Daktari aliyempokea alikaa naye zaidi ya saa nzima. Alimpima damu, akamgonga magoti, akamuuliza maswali ambayo hayakujibiwa, kisha akatuuliza sisi. Alipomaliza alisema jambo lile lile: sonona, tena kali.

"Dawa naijua, imipramini," akasema. "Lakini hapa haijafika tangu mwaka juzi. Nchi nzima inatafuta hata aspirini. Jaribuni Mwanza." Akaandika kikaratasi: aanze na kidonge kimoja, apandishwe polepole, apimwe presha na moyo.

Kufika Mwanza wakati ule, petroli ikiwa hakuna, ilikuwa kama kuambiwa ufike Ulaya. Anisia akasema tupitie misheni, huenda gari la mapadri linakwenda huko. Misheni ilikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumbani. Zahanati yake iliendeshwa na Sista Klara, Mholanzi aliyezungumza Kiswahili cha kwetu hata kutuzidi.

"Mnataka nini Mwanza?" akauliza.

Anisia akampa kikaratasi. Sista akakisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shela lake, akasoma tena. Kisha alichukua funguo zake kiunoni, akafungua kabati la mbao lililokuwa nyuma ya kiti chake, akasogeza chupa za dawa ya kikohozi na marobota ya bandeji, akatoa kopo la kahawia. Akampa Anisia.

Nilimwona dada yangu akisoma maandishi ya kopo. Midomo yake ilicheza. Halafu akakaa sakafuni, kopo kalikumbatia.

"Sista," akasema kwa sauti ndogo, "hizi zimekuwapo hapa tangu lini?"

"Nilizikuta nilipofika. Mwaka sabini na moja." Uso wa Sista ulikuwa umebadilika rangi. "Zinakuja kwenye masanduku ya msaada. Lakini mimi nilifundishwa kuzitoa kwa watoto. Watoto wakubwa wanaokojoa kitandani. Hiyo tu ndiyo kazi niliyoijua."

Ndipo akanigeukia mimi. Nilijua analotaka kusema, na nilitamani ardhi ipasuke.

"Ansgar, si nilikupa?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane, ndevu zimeanza kuota. Jambo lile sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Hata Anisia hakujua, kwa kuwa alikuwa bweni wakati ule. Baada ya mama kuugua nilianza kukojoa kitandani kila usiku, na Baba, aliyechoka kuanika mkeka, alinileta kwa Sista.

"Ulivimeza?" Anisia akaniuliza.

"Ndiyo."

"Mwaka gani?"

"Sabini na tano. Miezi sita."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi, Ansgar?"

"Chumbani kwa mama. Si nilikuwa nalala naye, chini, kwenye mkeka."

"Na vidonge ulikuwa unaviweka wapi?"

"Dirishani," nikasema. "Juu ya kichwa chake."

Nje wagonjwa walikuwa wanaitana zamu. Mimi akilini nilikiona kile kidirisha cha udongo, na ile pakiti ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, na chini yake, umbali wa mkono mmoja tu, nywele za mama yangu. Kila jioni kwa miezi sita nilijinyoosha juu yake kuchukua kidonge changu. Mara nyingine nilimwegemea bega.

Sista Klara alitoka nyuma ya meza yake, akaja kukaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Mama yenu nimemtibu malaria mara mbili," akasema. "Hapa hapa. Kabati likiwa mgongoni kwangu." Akajifunika uso kwa viganja vyake viwili, na sisi tukamtazama mtawa akitetemeka mabega, hatujui tumfanyeje.

Hakutupa kopo zima. Alisema dawa hiyo ikizidishwa moyo husimama, kwa hiyo angetupa ya siku saba saba, na kila Jumatatu angekuja mwenyewe na pikipiki kumpima mama. Neno hilo alilitimiza.

Nilidhani mama angeamka siku ya pili. Labda siku ya tatu. Kilichokuja ni kinywa kukauka mpaka ulimi ukanata kwenye kaakaa, choo kufunga, na kizunguzungu. Siku ya tisa tulipomwinua aende chooni alianguka na kupasuka juu ya jicho. Damu ilipotiririka shangazi mkubwa alipiga ukunga uliokusanya kijiji.

"Mnamuua!" akapaza sauti. "Mtoto amesoma kuja kumuua mama yake!"

Baba alitoa pakiti dirishani na kuiweka mfukoni. "Imetosha," akasema.

Anisia hakubishana naye mbele za watu. Jioni, Baba akiwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, alikwenda kukaa chini karibu naye. Mimi nilikuwa namenya viazi.

"Baba, niruhusu nikwambie dawa hii inafanya nini. Nikimaliza, ukitaka kuitupa, itupe."

"Sema."

"Ndani ya kichwa kuna nyuzi za neva, nyingi mno. Habari inapita kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Lakini nyuzi hizo hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo usioonekana hata kwa hadubini za kawaida. Uzi wa kwanza ukitaka kusema na wa pili, unamwaga kemikali kwenye mwanya. Wa pili unaipata, habari imefika. Umenielewa hapo?"

"Nimekuelewa."

"Kisha kemikali ile haiachwi imwagike hovyo. Uzi ulioimwaga unaizoa tena. Kwenye ngozi yake kuna protini, vitu vidogo sana vilivyokunjwakunjwa, na kazi yake ni kubeba. Kila moja ina nafasi ya kukaa chembe moja ya ile kemikali. Chembe ikikaa, na chumvi kidogo pamoja nayo, protini inageuka, inajifunga huku nje na kujifungua ndani, inaishusha. Halafu inarudi kuchukua nyingine. Haipumziki."

"Na dawa?"

"Chembe ya imipramini ina pete tatu zilizoungana, na mkia. Inakwenda kukaa kwenye protini ile ile, mahali pale pale pa kubebea. Mkia unashika, pete zinajaza nafasi. Lakini ni kubwa na ngumu, haibebeki. Protini inakwama. Haiwezi kujifunga wala kugeuka. Basi kemikali inabaki kwenye mwanya, inaendelea kusema na uzi wa pili."

Baba alifikiri. "Na ya kukojoa inahusu nini?"

"Protini za namna hiyo ziko kwenye neva nyingi. Na dawa inagusa mambo mengine pia. Ndiyo sababu kinywa kinamkauka."

"Umeiona protini hiyo?"

"Hapana. Hakuna aliyeliona umbo lake. Wanajua ipo kwa sababu wameichanganya dawa na ubongo wa wanyama, na hata na damu ya watu, wakakuta inanata mahali fulani tu, kwa idadi fulani, na ikishanata kemikali haizolewi tena."

"Inachukua muda gani kunata?"

Anisia alisita. Niliona amefika mahali asipopapenda.

"Saa chache, Baba. Tangu siku ya kwanza imekwisha kukaa."

"Mbona leo ni siku ya tisa na mama yako yuko vile vile?"

"Mgonjwa huamka baada ya wiki mbili, tatu, hata zaidi. Kwa nini iwe hivyo, hawajui."

"Mwalimu wako hajui?"

"Hajui. Alituambia hakuna ajuaye."

Baba aliuchezea mfuko wake. Nilidhani imekwisha.

"Miaka tisa," akasema hatimaye, "nimekwenda kwa watu saba. Wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu asichokijua." Akatoa pakiti mfukoni, akamrudishia.

Siku ya kumi na tano mama alijigeuza mwenyewe kitandani, akalala chali. Siku ya kumi na nane aliutoa mkono kwenye blanketi na kumfukuza nzi. Mambo hayo madogo yalitufanya tuongee kwa kunong'ona, kama tuko karibu na ndege tusiyetaka aruke.

Siku ya ishirini na tatu ilikuwa Jumapili. Kalisti katekista alikuja baada ya ibada na daftari lake la parokia, kwa sababu kulikuwa na kazi ya kuandika upya majina ya marehemu wa jumuiya. Alikaa na Baba uani. Mimi nilikuwa karibu, najaza upepo kwenye tairi la baiskeli. Walifika kwa Selestine.

"Alifariki mwaka gani?" Kalisti akauliza.

"Sitini na saba," akasema Baba.

"Sitini na nane."

Sauti ilitoka ndani. Ilikuwa ikikwaruza kama mlango wa bati.

"Mwezi wa nne," ikaendelea. "Jumatano. Mvua ilikuwa haijakatika."

Pampu ilinitoka mkononi. Kalisti aliinuka nusu, akabaki hivyo, matako hewani, kalamu mkononi. Baba hakugeuka. Alikaa anatazama mbele yake, na niliona kidevu chake kinacheza, kinacheza, mpaka meno yakasikika yakigongana. Anisia alikuwa kisimani. Nilikimbia kumwita. Nilimshika mkono tu nikamvuta, na ndoo ikamwagika.

Tulipoingia chumbani, mama alikuwa ameketi kitandani, miguu chini.

"Anisia," akasema. "Umekonda."

Ninyi mnaosoma haya mtadhani baada ya hapo ilikuwa furaha tupu. Tulichinja kuku wawili, ni kweli, na wanawake walikuja na vigelegele. Shangazi mkubwa alipiga magoti mbele ya kitanda, akaomba radhi. Lakini wiki ile ile jambo jingine lilitushukia ambalo hata Anisia hakulitarajia.

Tulikuwa tunakula, wote wanne, mara ya kwanza tangu mwaka 1974. Matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Mama alikuwa anatafuna polepole. Akaweka kipande chini.

"Dominiko," akasema, "yule mtoto wa Katoro anaitwa nani?"

Baba alipaliwa.

"Mtoto gani?"

"Uliyezaa na yule mwanamke anayeuza pombe. Ulimweleza ndugu yako habari zake, mmekaa juu ya kitanda changu. Ilikuwa Kwaresima ya sabini na nane."

Nilikwisha kuelewa, hata kabla hajanigeukia.

"Mama," Anisia akasema, "ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia kila kitu."

"Miaka yote?"

"Yote. Maneno yalikuwa yanafika. Kujibu ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nikitaka kuinua ulimi naona kama nimeambiwa ninyanyue nyumba." Akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. "Na wewe Ansgar, ulisema nirudishwe kwa kaka zangu Masumbwe, nikafie huko, ili mpumzike."

Nilikuwa nimesema. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimechoka kumlisha, nimechoka kuchekwa. Nilisema nikiwa nimeshika kijiko chake.

Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka niko shambani, katikati ya mashina ya tumbaku yaliyovunwa, nimekaa chini, na Anisia amesimama mbali kidogo, haniiti wala haondoki. Nilikaa pale mpaka jua likashuka. Mwishoni aliyekuja ni mama mwenyewe. Alitembea hatua chache, akasimama kupumzika, akatembea tena. Alipofika alishika bega langu ili asianguke.

"Twende nyumbani," akasema. "Siwezi kusimama sana."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, wakati ule na siku zote. Sikuwahi kupata lingine.

Mtoto wa Katoro aliletwa mwezi uliofuata, kwa amri ya mama. Alikuwa msichana wa miaka mitano, Justina, mwembamba, aliyejificha nyuma ya baiskeli ya Baba. Mama alimtazama kwa muda, akamwambia, "Una masikio ya Dominiko, maskini," akampa muhogo. Hakuwasamehe kwa maneno, Baba wala yule mwanamke. Lakini Justina alikuwa anakuja kila likizo, na nguo zake za shule alishonewa na mama.

Alimeza vidonge mwaka mmoja na nusu, huku daktari wa Kahama akiendelea kumwona. Mwaka 1987 ugonjwa ulimrudia, safari hiyo tukaujua mapema, akakaa kimya wiki tano badala ya miaka tisa. Anisia alikwisha kuajiriwa Shinyanga mjini kwenye duka la dawa la hospitali. Si kila mgonjwa aliyemwona aliamka. Wapo waliomeza miezi na miezi bila mabadiliko, na yeye aliwaambia ukweli huo bila kuzunguka.

Habari za mama zilisambaa hadi Segese na ng'ambo ya Geita. Watu walikuja na wagonjwa wao kwenye baiskeli na mikokoteni, na Sista Klara aliwaandikia barua za kwenda Kahama. Lakini wengine walikuja bila mgonjwa yeyote. Nakumbuka mzee mmoja, Bujiku, mfugaji, aliyetembea siku mbili. Alisalimia kwa Kisukuma, akapewa kiti, akanywa maji. Mkewe alikuwa amekufa miaka sita nyuma, baada ya kulala hivyo hivyo muda mrefu.

"Mama Anisia," akasema, "sikuja kuomba dawa. Nimekuja kuuliza. Ni kweli ulikuwa unasikia?"

Mama alimtazama yule mzee, fimbo yake katikati ya magoti, mikono miwili juu ya fimbo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua mama yangu hajui kudanganya juu ya tarehe wala juu ya jambo lolote.

"Mimi nilisikia," akamwambia. "Wa kwako simjui."

Mzee akatikisa kichwa mara nyingi. Kisha akaomba aruhusiwe kukaa kidogo kabla ya kuanza safari, na mama akavuta kigoda, akakaa naye.